Shingo Yangu Haikuwa Kuku wa Mgeni

Ningekuwa na sauti yangu, haya yote ungeyasikia kilabuni, umekaa kwenye gogo na kopo lako la ulanzi mkononi, na mimi nimesimama katikati, maana hadithi siwezi kuisema nimekaa. Sauti sina. Nina upepo tu unaotoka kooni kama tairi lililochomwa na msumari. Ndiyo maana naandika. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwalimu yeyote anayesoma hapa atulie na kalamu yake nyekundu.

Naandika kwa ajili ya watu wenye rovu, ule uvimbe unaoota mbele ya shingo, na wengine wote wanaosikia kwamba madaktari wa kujitolea wanakuja kijijini kwao. Naandika pia kwa sababu ya mdogo wangu Onorata, ambaye shingo yake ilikuwa inaelekea njia ileile ya kwangu, na mpaka leo hajaniambia asante. Na naandika kwa hasira, nisikudanganye. Padri wetu alinishauri niandike nikishasamehe. Nikamnong'oneza kwamba Baba, nikisubiri hapo hakitaandikwa kitu.

Kwanza ujue sauti iliyopotea ilikuwa ipi. Ujanani nilifanya kazi ya kukata miti kule Mgololo, miti ya kutengenezea karatasi. Sikuwa na misuli. Nilichukuliwa kwa sababu ya kelele. Mti ukianza kulia kabla ya kuanguka, kazi yangu ilikuwa kuwapigia watu ukelele watoke, na kule milimani kuna ukungu, mtu humwoni, unamfikia kwa sauti tu. Niliporudi kijijini watu wakasema sauti kama hii haifai kukaa bure, wakanifanya mshenga. Ukitaka kuoa unanituma mimi. Naingia kwa wakwe, naketi karibu na mlango, nasema tulikuwa tunapita tukaona ua zuri humu ndani, na mengine ambayo unayajua. Nimeozesha vijana wengi mpaka wengine wameachana wakanirudia niwatafutie tena.

Rovu nililipata ukubwani. Kwetu huku milimani si ajabu, wazee wanasema ni maji, watu wa zahanati wanasema ni chumvi. Lilikuwa kama kiazi mviringo. Haliumi, halinizuii kumeza, halinizuii kupumua. Watoto waliniita Babu Kiazi, na mke wangu, Mama Faraja, alikuwa anasema humo ndimo nilimoficha sauti ya akiba. Nayasema haya mapema ili unielewe. Sikuwa mgonjwa. Ugonjwa nililetewa.

Ulikuja wakati wa kipupwe, mahindi yameshavunwa, asubuhi majani yameungua kwa baridi. Wageni kutoka nje, wengi vijana, na mkubwa wao mwenye ndevu nyeupe ambaye sisi tulimwita Ndevu. Wakasimamisha mahema uwanja wa kituo cha afya. Njiani walikuwa wamefundishwa salamu yetu, basi Ndevu akashika kipaza sauti akasema, "Kamwene!" Uwanja mzima tukaitika kamwene. Wakafurahi sana, wakainua simu zao, wakataka turudie ili wapate picha vizuri. Tukarudia. Kwetu Iringa hakuna asiyeitikia salamu. Hata aliyekuibia ng'ombe akikwambia kamwene unaitika kwanza, halafu ndiyo unatafuta fimbo. Ukimnyima mtu salamu umemzika anatembea. Shika hapo, tutarudi.

Siku za mwanzo walitoa meno, waligawa miwani, walisafisha vidonda, na kwa hayo sina neno. Mke wangu miwani yake mpaka leo anavaa, tena anaitumia kuniangalia vibaya. Shida ilikuwa upande wa kupasua. Visu walikuja navyo, watu wa kupasuliwa hawakuwa wengi. Wenye marovu walipoviona wakakumbuka kwamba wana mashamba. Ndevu akamweleza Mwenyekiti wa kijiji kwamba wasipopata wagonjwa wa kutosha, waliowagharamia safari hawataona sababu ya kuwaleta tena mwakani.

Mwenyekiti akaja kwangu jioni. Hakunipa pole ya rovu, maana alijua haliniumi. Alikaa, akaota moto, akasifu mahindi yangu, mwisho akasema, "Mzee Lukasi, watu wametoka mbali hivi. Waondoke hawajashika shingo hata moja?"

Wewe usiye wa kwetu utacheka. Lakini kwetu mgeni akifika, hata kama una kuku mmoja, na kuku mwenyewe anataga, unamkamata. Humuulizi mgeni kama ana njaa. Na mimi ni mshenga, hayo ya heshima ya wageni nimeyahubiri kwenye nyumba za watu maisha yangu yote. Nikaona aibu. Nikasema nitakwenda. Nilitoa shingo kama mtu anavyotoa kuku. Nilidhani mgeni naye anajua upande wake wa sheria, kwamba ukichinjiwa, kile ulichochinjiwa unakitunza, hukitupi nyuma ya nyumba.

Aliyenipokea alikuwa binti mwenye miwani ya rangi ya bluu. Mchangamfu, kicheko chake kama cha Faraja wangu alipokuwa mdogo. Alinipapasa shingo kwa vidole baridi, akaita wenzake nao wakapapasa, mmoja akapiga picha. Mkalimani alikuwa Mwalimu Festo wa shule yetu. Binti akasema maneno mengi, Festo akayafupisha, kisha akauliza kama nimeelewa na kama nina swali. Swali gani? Mgeni ameshanawa mikono, kuku yuko mezani, wewe mwenyeji unaanza kumuuliza maswali? Nikasema nimeelewa vizuri sana. Wenzangu kwenye benchi wote walielewa vizuri sana. Hakuna kijiji chenye watu waelewa kama sisi.

Nikapigwa nusu kaputi. Nilipozinduka shingo ilikuwa imefungwa kama mgomba uliovunjika, kiu imenibana. Nikataka kuomba maji. Mdomo ukafunguka, maneno yakaja mpaka mlangoni, hayakutoka. Yule binti akanipa maji kwa kijiko, maji yakaingia njia isiyo yake, nikakohoa nikidhani utumbo unafuata. Ndevu akaja, akasema ni uvimbe tu, sauti itarudi. Wakaniambia niinue dole gumba wapige picha. Nikainua. Unakataaje, umelala kwenye kitanda chao.

Haikupita hata juma, wakafunga mahema. Wakatuaga kwa kamwene, mimi nikaitikia kwa kichwa. Uwanjani yalibaki majani ya njano yalipokuwa mahema.

Mikono ilianza asubuhi moja nikiwa nakunywa uji. Kwanza midomo ikawa kama inatembewa na sisimizi. Kisha vidole vikajikunja vyenyewe, vyote, vikakaza, mkono ukawa kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Nikajaribu kuukunjua kwa mkono mwingine, na wenyewe ukakunjika. Mama Faraja alidhani ni kifafa, akaniwekea kijiko mdomoni. Kilichoniokoa ni kwamba muuguzi wa kituo, mama mmoja mnene asiyependa mazungumzo, alikuwa na dawa kidogo ya kuchoma mshipani, chupa zilizosahaulika kabatini. Alinichoma polepole huku ananikaripia kana kwamba mikono niliikunja kwa makusudi. Vidole vikafunguka kimoja kimoja. Sijawahi kupenda kukaripiwa kama siku ile.

Kwa hiyo wewe unayesoma: ukishakatwa shingo na midomo ikaanza kutembewa na sisimizi, usingoje vidole. Nenda wanakotibu, siku hiyohiyo.

Mvua zikaanza, ulanzi ukaanza kutoka kwenye mianzi, sauti haikurudi. Kulikuwa na kijana wa jirani anataka kuoa kijiji cha pili, na nilikuwa nimeshaahidi. Nikaenda. Nikaketi karibu na mlango, nikaanza na lile ua tuliloliona tukipita. Watu wakainama, wakakinga masikio kwa viganja. Nikaanza upya. Mjomba wa binti, mtu aliyeshiba ulanzi, akauliza wenzake kama wameletewa mshenga au mwizi anayepanga njama. Wakacheka. Na kijana niliyemsindikiza naye akacheka kidogo, hilo nililiona. Safari iliyofuata walimtuma binamu yake.

Na miezi hiyo yote mwili ulikuwa unanizima taratibu. Nilisikia baridi kwenye jua. Uso ukavimba, nyusi zikadondoka kwa nje, ngozi ikawa kama gome la mti. Choo kikawa cha kuombea. Na usingizi, jamani. Nililala shambani nimeegemea jembe. Mama Faraja alianza kwa kunihurumia, akaja kwenye kunung'unika, akafika kwenye kutonisemesha. Alidhani uzembe, kisha akadhani pombe, mwisho akadhani nimelogwa, na mganga akamdai mbuzi mweusi. Tuliishi hivyo, yeye hataki kusema na mimi siwezi kusema, nyumba kimya kama ya mahame. Alipalilia shamba lote peke yake mwaka ule. Mimi nilikuwa namtazama dirishani kana kwamba ni mke wa mtu mwingine, na wala sikujali. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha baadaye, kwamba sikujali.

Krismasi akaja binti yetu Faraja. Ameolewa Mbeya, anakaa Ilomba, mumewe Mnyakyusa mpole sana mwenye duka la vipuri. Faraja aliniona mlangoni akamuuliza mama yake, huyu ni nani. Hakusubiri mwaka mpya. Tulipanda basi, nikalala Mafinga, nikalala Makambako, nikaamshwa Mbeya.

Hospitali kubwa ni kusubiri. Unasubiri kadi, unasubiri kupimwa damu, unasubiri majibu ya damu, unasubiri daktari ale. Mimi nilikuwa na shida yangu ya peke yangu. Muuguzi anatoka mlangoni anaita "Lukasi!" Mimi naitika, hakisikiki kitu, benchi limejaa, anaita wa pili yake. Faraja alikuwa ameenda kulipia dirishani. Nikasimama nikapunga mkono, na wengine kumi nao wanapunga. Nikapitwa. Kesho yake nikapitwa tena. Nilikaa pale nikalia, mzee mzima, machozi yasiyo na sauti.

Pembeni yangu alikuwepo Msukuma mmoja, Mzee Luhende, mfugaji aliyehamia zamani mabonde ya Usangu. Ng'ombe alimvunja mguu na mguu ukapona vibaya. Akaniuliza naitwa nani na ni mtu wa wapi, nikamnong'oneza. Muuguzi alipotoka tena na kuita jina langu, Luhende alifungua kinywa akatoa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto: "Lukasi yupo! Mhehe huyu hapa, msimruke tena!" Watoto wakaamka wakalia. Tangu siku hiyo hata kama hakuwa na zamu ya kuonana na daktari, alikuja na mkongojo wake kuniitikia.

Nilimweleza habari yangu kidogo kidogo, yeye ameinamisha sikio. Siku moja akageuza uso akanitazama. "Nyie Wahehe mkiudhiwa mnatafuta kamba mjitundike," akasema. "Safari hii, mzee mwenzangu, usijitundike wewe. Watundike wao." Tulicheka mpaka nikakohoa. Lakini lile neno halikutoka kichwani.

Daktari aliyenitibu ni mwanamke kijana, anaongea haraka kama anayewahi basi. Alinitia mrija mdogo wenye taa puani mpaka kooni. Akasoma vipimo vya damu, akavisoma tena. Akaniuliza nani alinipasua, nikamwambia. Akauliza wamenipa vidonge gani. Nikamwambia vya maumivu, vilikwisha.

"Baba," akasema, "walitoa tezi yote. Hiyo ndiyo inayoupa mwili moto. Ukishatolewa yote, unameza kidonge kila asubuhi maisha yako yote. Hakuna aliyekwambia?"

Faraja ndiye aliyejibu, kwa kulia. Mimi nikauliza sauti. Akasema mshipa unaoendesha sauti umeumia upande mmoja, na muda uliopita ni mwingi. Kisha akasema jambo ambalo nimelihifadhi neno kwa neno, kwa sababu angeweza kuwasema vibaya wenzake na hakufanya hivyo. "Kuumiza ule mshipa kunaweza kumpata daktari yeyote, hata mimi. Lakini mimi kesho yake ungenikuta hapa."

Vidonge vikaanza. Masika yote nilikaa Ilomba kwa Faraja. Moto uliingia mwilini kidogo kidogo, kwanza miguuni. Uso ukapungua. Siku moja nikamsikia mkwe wangu anatembea kwa kunyata ili asiniamshe, na nilikuwa macho, nasikia njaa. Njaa ni rafiki ambaye hujui kama ameondoka mpaka arudi. Na moto uliporudi, ukarudi na hasira. Wakati nimelala kama gogo sikuwa na hasira na mtu. Sasa nilikuwa nakaa kizingitini kwa Faraja natazama mvua inavyopiga mabati ya jirani, na nawaza yule binti wa miwani ya bluu akiwa kwenye harusi ya dada yake, ameambiwa aseme maneno mawili, anafungua mdomo, inatoka hewa. Niliwaza hilo kila siku baada ya kidonge. Vilikwenda vizuri pamoja.

Niliporudi kijijini Mama Faraja alinipokea kwa kunishika uso kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku kwenye mwanga, akasema, "Umerudi wewe." Kesho yake tukagombana kuhusu mbuzi mweusi, nikajua nimepona.

Nikamtafuta Mwalimu Festo. Nilimuuliza jambo moja, ni nani hasa aliyenikata. Akaangalia chini. Akasema ni yule binti. Ndevu alisimama nyuma yake akimwelekeza, na simu ililia katikati Ndevu akatoka nje kidogo. Binti alikuwa bado mwanafunzi. Festo alisikia wenyewe wakisema kwamba kwao asingeruhusiwa kukata shingo, labda baada ya miaka, ndiyo maana huku anafurahia sana. "Nilidhani unajua, mzee," akasema. "Ulisema umeelewa."

Basi kipupwe kingine kikaingia, na Mwenyekiti akatangaza wageni wanarudi. Akaja nyumbani tena, akaota moto tena, akasifu mahindi ambayo mwaka ule hayakuwa na cha kusifiwa. Alisema wametengeneza bango kubwa la kukaribisha na picha iliyopo ni ya kwangu, nimeinua dole. Wananiomba nitoe neno la shukrani. Nikamkubalia upesi mpaka akashangaa.

Na hapo ndipo niliposikia kwamba Onorata amejiandikisha kupasuliwa. Onorata ni mdogo wangu wa mwisho, mjane, rovu lake dogo kama yai la njiwa. Yeye ndiye anayeanzisha nyimbo kanisani. Akianza, kinanda kinamfuata yeye, yeye hafuati kinanda. Nilimkimbilia kwake. Nikamnong'oneza yote. Akasikiliza akikoroga ugali, akasema, "Kaka, wewe ulipata bahati mbaya. Mwenyekiti ameshataja jina langu kwa wageni. Unataka niwaaibishe?" Nikamshika mkono wenye mwiko. Akautoa. Akasema tangu niumwe nimekuwa mtu wa kuwaza mabaya.

Sikulala. Asubuhi nikaanza kuzunguka. Mwenye sauti kubwa anahutubia mkutano, mimi nilikwenda nyumba kwa nyumba, na kilabuni gogo kwa gogo. Nimegundua jambo moja kuhusu kunong'ona: mtu anainama, na akishainama anasikia kweli. Sikumwambia mtu asitibiwe. Mwenye jino lake aende, mwenye jicho aende. Niliomba kitu kimoja. Wakisalimia, msiitikie, mpaka wameulizwa na wamejibu.

Watu waliogopa. Mzee mmoja wa ukoo wetu alisema afadhali niwaombe wawapige mawe wageni kuliko kuwanyima kamwene. Wengine walinihurumia tu. Hakuna aliyeniahidi. Mama Faraja alisema nitakufa kwa aibu, uwanja mzima uitike na mimi nimesimama pale. Nikamwambia nimeshakufa mara moja, najua njia.

Siku ikafika. Bango limefungwa kati ya miti miwili, uso wangu mkubwa kama mlango. Wagonjwa wa kupasuliwa wamekalishwa benchi la mbele, Onorata katikati, amevaa kitenge cha sikukuu. Ndevu akapanda jukwaani na vijana wapya nyuma yake, simu juu. Akashika kipaza sauti.

"Kamwene!"

Mpaka pale sikujua kama wataitika. Akaitika mtoto mmoja, mama yake akamziba mdomo. Basi. Kimya, unasikia bango linavyopigwa na upepo. Ndevu akacheka, akagonga kipaza sauti kwa kidole, akadhani kimeharibika. Akarudia. Kimya. Nikaona vikongwe wanaotetemeka kwa jinsi wanavyoibana ile kamwene kifuani. Mwenyekiti jasho linamtoka kwenye baridi ile. Vijana wakashusha simu moja moja. Nitasema ukweli wangu: katika maisha yangu sijanywa ulanzi mtamu kama ule ukimya.

Kuokoa mambo, Mwenyekiti akaniita upesi nitoe shukrani. Nikapanda. Nikaweka mdomo kwenye kipaza sauti kabisa, ule upepo wangu ukatoka kwenye spika zote.

"Mimi ndiye huyo wa kwenye bango. Hii ndiyo sauti mliyoniachia."

Festo akatafsiri. Sikumwomba, alitafsiri mwenyewe, akiwa amesimama wima. Nikauliza yule binti aliyenikata yuko wapi, anaitwa nani, na kwa nini hakuna aliyenipa kidonge wala kurudi kuuliza kama niko hai. Na nikauliza hawa wa benchi la mbele, nyinyi mkifunga mahema, watamwendea nani.

Ndevu alisogea. Alizungumza taratibu, nadhani hakuwa mtu mbaya, na hilo halinisaidii kitu. Alisema anasikitika. Kuhusu kuwatunza watu baadaye, alisema ni jambo wanalolifikiria. Kuhusu binti, alitaja jina lake, akasema amemaliza masomo, ameajiriwa, hakuweza kuja. Kisha akadhani ananifariji. Akasema yule binti hajanisahau hata kidogo. Kila anapoalikwa kuzungumza, anaonyesha picha yangu na kusimulia habari zangu, na watu wanaguswa.

Festo alipomaliza kutafsiri hilo, nikabaki nimeshika kile kipaza sauti. Huko kwao, mtu anasimulia hadithi yangu. Mimi, msimuliaji, nipo hapa nanong'ona, na yeye anaisimulia, kwa sauti nzima, na haijui hata mwisho wake. Nilitaka kusema neno baya sana kwa Kihehe. Pumzi ikaniishia.

Ndipo Onorata akasimama kwenye benchi la mbele. Hakunitazama. Alivuta kitenge cha mabegani, akakifunga shingoni kama mtu anayefunga mlango, akapita katikati ya watu akaenda zake. Wawili wakamfuata. Wengine walibaki, na mmoja wao alipasuliwa na yu mzima, anaimba, sitamficha. Sikuwaombea mabaya wa kwetu.

Mwenyekiti hanisalimii mpaka leo. Wageni walikaa siku zao, wakatoa meno, wakaondoka. Ila kabla ya kuondoka Ndevu alikuja kwangu, yeye na Festo, jua linakaribia kuzama. Alikuwa na kopo la vidonge vyangu, vya miezi mingi. Akasimama mlangoni, akavua kofia, akainamisha kichwa vizuri, kama alivyofundishwa.

"Kamwene," akasema, polepole.

Mama Faraja alikuwa ameshamkamata kuku. Mkono ulimwenda wenyewe, ni desturi, amemshika mbawa anasubiri. Alinitazama. Nikatikisa kichwa. Ndevu akangoja. Kuitikia kamwene hakuhitaji sauti kubwa, hata upepo wangu unatosha, na watoto wa jirani huwa nawaitikia kila asubuhi. Nilimtazama machoni. Sikuitikia. Aliweka kopo kizingitini, akavaa kofia yake, akaenda. Vidonge nilivimeza. Sina ugomvi na vidonge.

Yule kuku tulimchinja Jumapili, tukamwita Onorata. Alikuja amenuna. Alikula paja, akanawa, akaanza. Alinigombeza kwamba salamu ni ya Mungu, kwamba marehemu mama yetu angelia, kwamba mzee mzima namwacha mtu mlangoni kama mbwa. Aligomba mpaka jirani akachungulia, na masufuria yakaitikia ukutani. Mama Faraja alinionyesha kwa jicho nijitetee. Sikutaka. Niliegemea ukuta, nikafumba macho, nikawa naisikiliza ile sauti, nzima, inavyopanda.